Funda la Kwanza

Watu wa nje wakisikia nina mangwe Mjambere, huniangalia kwanza miguuni, halafu usoni, wakitafuta sijui alama gani. Alama ya nini? Nauza mnazi mchana kweupe, chini ya banda la makuti, na lango liko wazi. Watu wanakaa, wanazungumza, wanaenda zao. Kazi hii niliirithi kwa shangazi yangu, na naifanya vizuri kuliko alivyoifanya yeye. Angekuwa hai angekubali, ingawa angenitukana kwanza.

Asiyejua atadhani mangwe na baa ni kitu kimoja. Wapi! Baa ina friji, ina televisheni ya mpira, ina muziki wa kukuzuia kumsikia mwenzako. Unanunua chupa yako, unaikumbatia, unarudi nyumbani hujamjua mtu. Mangwe ni mabenchi yanayotazamana. Hata ukija umenuna, kuna fundi wa mawe atakuuliza umetokea wapi, na kabla hujajibu, dereva wa tuktuk ameshajibu kwa niaba yako. Mnazi huja asubuhi kutoka kwa wagema, ungali mtamu, hata mgeni anaweza kuunywa akadhani ni sharubati. Ikifika alasiri umeshakuwa mkali, na maneno ya watu nayo yamekuwa makali. Mimi kazi yangu ni hayo maneno. Mnazi wenyewe unajiuza.

Na nina sheria zangu. Mlevi wa kutukana wazazi wa watu namtoa mwenyewe, simsubiri mwanamume. Ijumaa adhuhuri nafunga mpaka watu watoke msikitini. Hakuna aliyenilazimisha, ni adabu tu. Jirani yangu anayeuza mahamri hajaonja mnazi maishani mwake na hatauonja, lakini nikipata homa yeye ndiye hufika na uji kabla ya ndugu zangu. Mchungaji wangu naye huniambia nitafute kazi nyingine. Namwambia, baba mchungaji, nitafutie. Hadi leo anatafuta.

Halafu kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala. Sikupi mnazi kabla sijauonja mbele ya macho yako. Namimina kwenye glasi, napiga funda moja, nameza, ndipo nakukabidhi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa huku pwani, wenye minazi yetu. Anayempa mwenzake kinywaji ndiye anayeanza, aonyeshe kwamba hamna sumu ndani wala uchawi. Ukinipa bila kuonja, una lako jambo. Wateja wangu wengine wamenijua miaka na miaka, tumezikana, tumeozana, na bado nisipoonja wataiacha glasi hapo hapo mpaka nikumbuke.

Ndiyo maana siku ile aliyokuja yule fundi wa kuchomelea, nusura tugombane.

Alikuwa mtu wa bara, kutoka mbali kabisa huko magharibi, kazi yake Changamwe kwenye yadi ya kutengeneza matrela. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya mangwe yangu. Aliingia akiwa bado na vumbi la chuma nywelini, akasema kwa sauti, "Niaje, mathe! Leta moja hapo."

"Mathe ni nani?" nikamuuliza. "Hapa tunaamkiana, mwanangu. Watu hawa wote umewapita kama nguzo."

Akaona haya, akaamkia benchi moja baada ya jingine, shikamoo hata kwa vijana waliozaliwa baada yake, watu wakacheka mpaka basi. Nikammiminia. Nikapiga funda langu. Lo! Fundi akaruka.

"Sasa mbona unakunywa pombe yangu? Hiyo nimelipia!"

Banda zima likaanguka kicheko. Alidhani namwibia. Ikabidi aelezwe na watu wote kwa pamoja, kila mtu akitaka kuwa mwalimu, na yeye akisikiliza kwa makini sana. Mwisho akaniangalia akasema, "Kwa hivyo ukifa, mimi sigusi." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, umeelewa. Kuanzia siku hiyo akawa wangu. Alikuja karibu kila jioni baada ya kazi, akatengeneza mguu wa meza yangu bila kuombwa, akachomelea lango lililokuwa limelegea. Kunywa alikunywa hasa, sitamsafisha hapa. Alikuwa akikosa kazi Jumatatu kwa ajili ya Jumapili.

Sasa pale langoni kwangu, upande wa nje, kulikuwa na mwanamke anayekaanga samaki. Samaki, bajia, viazi vya karai na ukwaju wake wa kuwasha ulimi. Wateja wangu walikuwa ndio wateja wake. Babake alikuwa mgema wa Junda, mmoja wa wale walioniletea mnazi tangu enzi za shangazi. Pamoja na hayo, yule mwanamke hakuwahi kukanyaga ndani ya banda. Sahani alizipitisha juu ya lango. Ukimwambia aingie akae kivulini, anasema, "Hapa panatosha, dada." Wanaume walimtaka, tena wengi, maana alikuwa mzuri na ana mkono wa kupika. Aliwajibu wote kwa adabu na hakuna aliyepata hata tabasamu la ziada. Umri ukawa unakwenda. Watu wakaanza kusema anajiona. Mimi niliwaambia wanyamaze, kwani wao waliona nini kwake cha kumfanya asijione?

Fundi naye akapenda. Nilijua kabla yake, kwa sababu alianza kula samaki kila siku na alikuwa mtu wa kusema samaki ana miiba. Akaenda akasema lake langoni. Jibu nililisikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimesimama karibu, na sikuwa na haja ya kuondoka kwenye lango langu mwenyewe.

"Uache pombe," akamwambia. "Sisemi upunguze. Uache. Ukiacha, nitaolewa nawe. Siku nitakayokuona umeonja, hata ulimi tu, usinitafute."

Nilidhani ni njia yake ya kumfukuza. Mabenchi nayo yalidhani hivyo, wakawekeana dau kwamba fundi atashindwa Jumamosi hiyo hiyo. Fundi hakushindwa. Aliendelea kuja jioni, akakaa mahali pake pa siku zote, na soda. Alitetemeka mikono wiki za mwanzo, nikaona, nikajifanya sikuona. Kuna mmoja aliyezoea kumsogezea glasi chini ya pua akimwambia, "Mwanamume hapangiwi na karai ya samaki." Huyo nilimtoa. Nilikuwa nimempoteza mnywaji wangu bora, na wallahi sikujuta. Nilimwona akinenepa, nikamwona akinunua mashine yake mwenyewe ya kuchomelea, nikafurahi kana kwamba nimemzaa. Masika yakapita na vuli ikapita, na mtu hajaonja.

Wakati ulipofika wa kwenda kwa wazee, akaja kwangu asubuhi, amevaa shati safi.

"Mama, wazazi wangu wameshafariki. Kwetu hakuna wa kusafiri. Naomba unisimamie."

Nikakubali pale pale. Nani mwingine angemsimamia? Kusema naweza, mila nazijua, na Junda nzima inanijua. Nilimfundisha namna ya kukaa na namna ya kuamkia, nikamwambia asiseme "sasa" wala "poa" mbele ya watu wazima, asijibu swali kabla halijaisha. Kadzama la mnazi, kile chombo kikubwa ambacho mazungumzo ya ndoa hayaanzi bila yake, nililitafuta mwenyewe. Na nililichukua kwa mgema mwingine, kwa sababu ni aibu gani hiyo kumpelekea mkwe mnazi aliougema yeye mwenyewe!

Siku ya kwenda, yule binti wa samaki akanifuata chumbani kwangu, akanishika mkono kwa nguvu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani ya lango.

"Dada, baba mkubwa hampendi. Anasema watu wa bara wana mambo. Leo watamwambia aonje mnazi aliowaletea."

"Msimamizi ndiye anayeonja," nikamwambia. "Nitaonja mimi. Mdomo huu umeonjea nusu ya Kisauni."

"Na wakimtaka yeye?"

"Niachie mimi."

"Sikia, dada. Akionja leo, hata kama ni kwa ajili ya wazee, hata kama ni kwa ajili yangu, mimi siendi. Nitawaambia wote kwamba simtaki. Usije ukanilaumu." Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na mimi nikajua hatanii.

Nikamwambia tena aniachie mimi. Ndivyo nilivyo. Sijui kuingia mahali nikiwa na shaka.

Tulipofika Junda wazee walikuwa wamekaa uani, viti vya plastiki kwa wakubwa na mkeka kwa wengine. Babake binti alikuwa amekaa pembeni kidogo, mzee mwembamba, viganja vimekauka kwa kukwea minazi. Mwenye kusema alikuwa kakake, huyo baba mkubwa, mtu wa tumbo na sauti. Binti alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na ungeona kivuli cha miguu yake chini. Shikamoo zikatolewa zote, hakuna iliyosahaulika. Fundi akakaa vile nilivyomfundisha. Nikasema maneno yangu, na nikayasema vizuri, kwamba tumeona ua hapa na tumekuja kuomba ruhusa ya kulichuma. Wazee wakatingisha vichwa. Mambo yakawa yanakwenda barabara.

Kadzama likawekwa katikati. Nikainama, nikashika mrija.

"Hebu ngoja," baba mkubwa akasema.

"Naam, baba."

"Wewe mama tunakujua. Mdomo wako tumeunywea miaka mingi, hatuna wasiwasi nao. Lakini hatukuozi wewe. Anayemchukua mtoto wetu ni huyu. Na huyu hana baba hapa, hana ndugu, kwao hatukujui. Aonje mwenyewe."

"Baba, kwa mila msimamizi ndiye..."

"Mama. Nimesema aonje mwenyewe."

Nikasema tena, akanyanyua mkono, na wazee wengine wakaguna kwa kukubaliana naye. Mimi ninayejulikana kwa mdomo nikabaki nimeushika mrija. Nilitaka kumrushia baba mkubwa kiatu changu, nasema kweli. Nikamgeukia fundi. Akaupokea ule mrija mkononi mwangu, akauangalia. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka shingoni. Mtu aliyewahi kuuzoea mnazi anajua harufu yake ilivyo alasiri ya jua kali, na yeye aliuzoea kuliko wote pale. Ningeweza kumnong'oneza maneno ya binti, ila wazee wote walikuwa wakitutazama. Na hata kama ningeweza, sikuwa tena na hakika ni jambo gani lingemponya. Akionja, binti anakataa. Asipoonja, wazee wanakataa. Chini ya pazia ile miguu ilikuwa imesimama tuli.

Fundi akauweka mrija juu ya mkeka.

"Shikamooni tena, wazee wangu," akasema polepole, kwa Kiswahili changu nilichomfundisha. "Mimi siwezi kuonja. Nilimwahidi mtoto wenu kwamba sitaonja tena, na sitaonja. Mkitaka niape kwa jambo lingine lolote, nitaapa. Lakini hili, hapana. Nisameheni."

Uani kukazuka kelele. "Umesikia?" baba mkubwa akawaambia wenzake. "Ametuletea asichoweza kukinywa yeye! Sisi tukinywe tukiwa nani, panya?" Akasimama, akajifunga kikoi vizuri, na wengine wawili wakasimama naye. "Ebo! Chukueni kadzama lenu mwende. Na wewe mama, nilidhani una akili."

Hapo nikawaka. Nikamwambia huyu kijana ana akili kuliko yeye na mimi tukiwekwa pamoja, na kama anataka uchawi autafute kwingine. Sikuwa naomba tena, nilikuwa nagomba. Najua mshenga hasemi hivyo. Nilikuwa nimeshaona kwamba tumeshindwa, basi nikasema.

"Kaka, kaa," babake binti akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa hajasema neno tangu tuingie isipokuwa kuitikia marahaba. Baba mkubwa akamtazama, akakaa nusu.

"Kijana," mzee akasema, "hiyo ahadi uliitoa mwenyewe, au aliitaka yeye?"

"Aliitaka yeye, baba. Nami nikakubali."

Mzee akainamisha kichwa. Akajikwaruza kiganja. Kisha akaanza kuzungumza, akiangalia chini.

"Mamake aliniomba jambo hilo hilo. Nikamwahidi tukiwa vijana. Nikamwahidi tena huyu alipozaliwa. Nikamwahidi akiwa kitandani, ile miezi yake ya mwisho, na huyu binti akiwa amesimama pale mlangoni ananisikia. Na kila mara nilikuwa na sababu. Leo kuna matanga, nitakataaje? Leo kuna arusi, nitakataaje? Wazee wamenipa, nitawavunjia heshima? Sikuwahi kukosa mtu wa kunilazimisha."

Akamwonyesha fundi kwa kidole.

"Huyu leo tumemlazimisha sote. Mke yuko nyuma ya pazia, sisi tumesimama twende zetu, na angepiga funda moja tu tungempa. Amekataa. Mimi sikuweza hata siku isiyokuwa na mtu wa kunilazimisha." Akajifuta pua kwa mkono. "Mtoto wangu nimpe nani basi, kaka? Niambie."

"Mila inataka aonje," baba mkubwa akasema, lakini sauti ilikuwa imemshuka.

"Ataonja. Leteni maji."

Shangazi mmoja akatoka jikoni na kata ya maji ya mtungi. Mzee akampa fundi. Fundi akanywa funda moja, akameza, akamrudishia kwa mikono miwili. Baba mkubwa akalitazama kadzama lililokaa peke yake katikati ya mkeka.

"Na huu je?"

"Huo nitakuonjea mimi, baba," nikamwambia. "Na nikifa, usiguse." Wazee wakacheka, na yeye akacheka, akakaa kitako vizuri.

Bado lilibaki jambo moja. Kwetu wazee hawanywi kabla binti hajaulizwa mbele ya watu wote kama wanywe. Akisema wanywe, amemkubali mume. Akinyamaza, kinywaji kinarudi kilikotoka. Mzee akageukia mlango, mkononi kata ya maji badala ya mnazi, akamwita mwanawe.

"Abee, baba."

Pazia likasogea, akatoka, amejitanda leso mpaka kwenye nyusi. Alikuwa analia bila kujificha. Hakumtazama fundi hata kidogo. Alikwenda akapiga magoti mbele ya babake na kuyatazama yale maji, na mimi, ninayewatoa walevi kwa mkono mmoja, machozi yakanitoka pale pale.

"Mwanangu," mzee akamuuliza, "ninywe?"

Binti akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee ulioshika kata.

"Kunywa, baba," akasema. "Kunywa."

Mzee akanywa, akayamaliza yote, na sote tukamngojea mpaka aliposhusha kata.